Ombi la Kufuta Michango Arobaini na Mmoja ya Mheshimiwa wa Nguzoni

Nyumba Na. 17,
Mtaa wa Wastaafu.

Kwa Mhariri Mkuu,
Idara ya Taarifa Rasmi za Bunge.

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia nikiwa kitandani, mto mgongoni na ubao wa kukatia vitambaa mapajani. Ubao ni wa binti yangu, fundi cherehani, kitindamimba wangu. Mistari ikipanda na kushuka usidhani nimeandikia ndani ya gari. Daktari amenipa wiki kadhaa. Alizitaja kwa idadi, ila sikumpata, maana madaktari wa siku hizi wanaongea na karatasi zao na kinywa hawakifungui. Tulipotoka nilimuuliza binti yangu ni ngapi, naye akanijibu kwa sauti ya kusimamisha basi, "Chache, baba! Amesema chache!" Foleni nzima ya wagonjwa ikageuka kunitazama kwa huruma. Basi tuseme chache.

Natumaini nyote idarani hamjambo, na kwamba ile meza ya dirishani niliyoikalia miaka thelathini na mmoja bado inasimama juu ya jalada nililolikunja na kuliweka chini ya mguu wake wa kushoto. Lisitolewe. Ni jalada la Kamati ya Ukaguzi wa Samani, na hiyo ndiyo kazi pekee lililowahi kufanya.

Sasa nieleze shida yangu. Naomba, kwa heshima zote, Idara yako ifute kutoka katika Taarifa Rasmi michango yote arobaini na mmoja ya marehemu Mheshimiwa wa Nguzoni juu ya makazi, serikali za mitaa na huduma za umma, kwa vipindi vyake vitatu vya ubunge. Sababu ni nyepesi: hakuitoa yeye. Niliitoa mimi.

Wewe unamkumbuka, lakini barua za serikali husomwa na wengi, kwa hiyo nimweleze. Tulimwita Mheshimiwa wa Nguzoni kwa sababu kiti chake kilikuwa nyuma ya nguzo, safu ya tatu, mahali ambapo kamera haifiki wala Spika haoni mkono ukiinuliwa. Alikuwa mtu mpole, suti moja ya kahawia, kalamu mbili mfukoni. Kila alipopata nafasi ya kusema alimpisha aliyekuwa na haraka zaidi, na bungeni nani hana haraka? Kwa hiyo alisema wa mwisho siku zote. Na kanda ya mwisho ya siku, kwa desturi ya Idara, ilikuwa haki ya mwandishi mkongwe kuliko wote, ambaye ni mimi. Ndivyo tulivyokutana, yeye na kalamu yangu.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kama nilivyokufundisha.

1. Kwamba kanda zake zilikuwa tupu. Waheshimiwa wengine walinguruma kama wanadi mnada, na kila walilolisema nililipata neno kwa neno, hata yale waliyokuja kuniomba niyatoe. Kwa huyu nilisikia kiti kikilia, halafu kukohoa kidogo, halafu dakika kumi za kimya. Nilivaa hedifoni, nikafungua sauti mpaka kitufe kikagoma. Hakuna. Nilikuwa nikimtazama ukumbini pia, nilipokuwa zamu ya chini: midomo inacheza, mkono unapanda na kushuka taratibu, lakini sauti hakuna, kama samaki wa kwenye chupa. Wewe mwenyewe ulikuwa shahidi katika miaka yangu ya mwisho, ulipokuja kujifunza kazi na kupewa meza ya pili. Kila nikifungua kanda yake ulikuwa ukishika kichwa kwa mikono miwili. Nilijua unaumwa, nikakupa ruhusa uende nyumbani mapema. Nilikupa mara tisa.

Kanuni ya Nne ya Idara inasema jina la mbunge lisisimame peke yake bila maneno chini yake. Na kule kiwanda cha uchapaji msimamizi wa mitambo alikuwa hapokei ukurasa wenye uwazi, aliurudisha na kikaratasi kimeandikwa "Hapa pana nini?" Basi siku ile ya kwanza niliandika: Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja. Ikabaki mistari kumi na mmoja. Tarishi alikuwa amesimama mlangoni, akiegemea mguu huu, mara ule. Asubuhi ya siku hiyo marehemu mke wangu, akiwa na mimba ya huyu kitindamimba, alikuwa amenifokea uani kwa sababu ya bomba la pamoja la nyumba tuliyopanga. Lilikuwa limechomoza chini kabisa, karibu na ardhi, naye akawa anainama kujaza ndoo huku tumbo likimzuia. Alisema, "Wewe unakaa na waheshimiwa kutwa nzima, hakuna hata mmoja aliyewahi kuchota maji?" Nikaandika mistari kumi na mmoja juu ya bomba.

Sikudanganya kwa kutafuta sifa, Ndugu Mhariri. Nilidanganya kwa kujaza ukurasa.

2. Kwamba nilisikilizwa. Hili sikulitarajia. Gazeti liliuchukua mchango ule na kuuweka ukurasa wa mbele: kila nyumba ya umma iwe na bomba ndani, na bomba hilo liwe kimo cha kiuno cha mama mjamzito. Halmashauri ikatuma fundi mwenye futi kwenye kliniki ya wajawazito kupima viuno, akapata wastani, akatolewa nje na wauguzi, na wastani ule ndio kimo cha kila bomba katika mtaa huu mpaka leo. Bomba la sinki ni sawa. Bomba la bafuni nalo liko kimo hicho hicho, na la miguu pia. Ili ninawe miguu ilinibidi niinue mguu mmoja kama anayepanda farasi. Niliacha kuinua miaka minne iliyopita. Sasa kitindamimba wangu anainama na beseni. Mama yake aliinama kwa sababu bomba lilikuwa chini. Yeye anainama kwa sababu liko juu. Nimelifikiria sana jambo hili.

3. Kwamba Mheshimiwa aliridhia. Alikuja idarani siku moja, utakumbuka, akiwa na Taarifa Rasmi mkononi, kidole kimewekwa katikati ya kurasa. Alisimama mbele ya meza yangu, midomo ikacheza kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa na huzuni. Kuna watu shukrani huwatia huzuni. Nilisimama nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia, "Usijali, Mheshimiwa, ni kazi yangu." Alinitazama. Akakutazama wewe. Wewe ukatazama sakafu. Akainamisha kichwa, akaondoka. Nilikuwa nimefika mchango wa thelathini. Nikauchukua ujio ule kuwa kibali, na ile kumi na mmoja iliyofuata niliiandika kwa mkono mwepesi zaidi.

4. Kwamba niliingilia serikali za mitaa nisizozijua. Katika mchango wa thelathini na mbili nilimsemesha kwamba madiwani wakutane wakiwa wima, kwa kuwa mtu aliyesimama hasemi sana. Siku hiyo mjadala ulikuwa umerefuka na mgongo ulikuwa unaniuma. Halmashauri ikatii ndani ya mwezi mmoja. Viti vyote vikatolewa ukumbini. Madiwani sasa wanakuja na vigoda vyao kutoka nyumbani, vingine vina mito, na wanaosimama ni wananchi peke yao. Mwaka huu nilikwenda pale na magongo yangu mawili kumwona Afisa Nyumba. Nilisimama tangu milango ilipofunguliwa hadi wao walipokwenda kunywa chai. Askari wa mlangoni, mtu mwema, mwenye sauti inayoeleweka, alinionea huruma. Akasema, "Mzee wangu, ningekupa kiti, lakini viti vilipigwa marufuku na yule Mheshimiwa, Mungu amlaze pema." Nikajibu amina. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami niliingia kwa magongo.

5. Kwamba niliharibu usafi. Huduma za umma, mchango wa thelathini na sita: gari la taka lipite bila honi, kwa staha. Nilihitaji mistari minne, na gari la taka lilikuwa linapita nje ya dirisha. Ni hivyo tu, sina utetezi mwingine. Matokeo yake hakuna ajuaye gari limepita saa ngapi, na mifuko inakaa milangoni kama wageni waliokosa wa kuwakaribisha. Jirani yangu fundi bomba anashikilia kwamba honi ilirudishwa mwaka juzi na kwamba inapigwa kila Jumanne chini ya dirisha langu. Mimi ninalala chini ya dirisha hilo. Fundi bomba ni mtu mzuri lakini anapenda kuchangamsha baraza.

6. Kwamba mwingine alivishwa taji langu. Nakiri hili liliniuma, ingawa si jambo la mtu mzima kuumia. Mheshimiwa alipofariki mwaka jana, katika mazishi yake walisoma michango saba. Yote yangu. Watu walilia, nami nililia kwa sababu ile ile waliyolilia wao: ilikuwa imeandikwa vizuri. Kisha wakamjengea sanamu kwenye lango la mtaa wetu, kidole juu, kinywa wazi. Nilimtazama mtu yule miaka kumi na mitano na sikuwahi kuona kinywa chake kikifunguka kiasi kile. Chini ya sanamu wamechonga ile mistari ya bomba. Siku ya uzinduzi nilipitishwa hapo kwenye kiti cha magurudumu, na binti yangu akaniinamia akaniambia, "Mwone, baba! Yule aliyemwonea mama huruma!" Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia ni mama gani.

7. Sasa nafika kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Mchango wa arobaini na mmoja ulikuwa wa mwisho wake na wa mwisho wangu. Yeye hakurudi bungeni, mimi nilistaafu mwezi uliofuata. Mjadala ulikuwa juu ya mtaa huu, uliokuwa umejengwa na haujakaliwa. Kanda ilikuwa tupu kama kawaida, nikaijaza kama kawaida. Ikabaki mistari mitatu. Wiki hiyo ndugu zangu wawili wa tumbo moja walikuwa wamepigana juu ya nyumba ya baba yetu, mmoja akiwa ameshika mlango na mwingine bawaba zake, na nilikuwa na hasira na warithi wote wa dunia. Tarishi akakohoa mlangoni, au niseme alifanya umbo la mtu anayekohoa. Nikaandika:

"Nyumba hizi ziwe za mstaafu mwenyewe, wala si za jamaa zake. Siku saba baada ya mazishi, aliyebaki ndani akabidhi funguo kwa halmashauri, na asibishe."

Ile "na asibishe" ilikuwa ya kumalizia mstari.

Leo ni sheria ndogo ya halmashauri, na wa kukabidhi funguo ni kitindamimba wangu. Aliingia nyumba hii akiwa na miaka kumi na mitano, na miaka tisa sasa ananiuguza. Ananigeuza, ananikatia kucha, anapika bila chumvi na kula bila chumvi ili nisijione peke yangu. Cherehani yake iko dirishani, ndipo wateja wanapomjua. Anashona sare za shule, na kipimo cha kila mtoto wa mtaa huu anacho kichwani. Fundi mwashi mmoja alikuja kumposa. Akamwambia asubiri kwanza, baba hawezi kuachwa. Mwashi alisubiri miaka minne, kisha akaoa mwanamke mwenye nafasi. Binti yangu ndiye aliyeshona gauni la bibi harusi.

Mwezi uliopita Afisa Nyumba alikuja. Ni kijana mwenye adabu na asiyesikika, kama wenzake. Alipima vyumba. Alipima cherehani kuona kama itapita mlangoni bila kung'olewa miguu. Kisha akaniachia fomu iitwayo "Taarifa ya Awali ya Kuachwa kwa Nyumba kwa Sababu ya Kifo", ambayo mpangaji anatakiwa kuijaza mwenyewe, kwa herufi kubwa. Kipengele cha tatu kinauliza tarehe inayotarajiwa. Nimejaza: NIKISHAJIBIWA NA MHARIRI. Chini ya fomu wameandika msingi wa sheria: Taarifa Rasmi, ukurasa wa 212, mchango wa Mheshimiwa wa Nguzoni. Sikuhitaji kuutafuta ukurasa huo. Ndio ule uliobaki na mistari mitatu.

Nilikwishawaandikia mara moja, nanyi mkanijibu kwamba Taarifa Rasmi hairekebishwi baada ya saa arobaini na nane isipokuwa kwa ombi la mbunge mwenyewe. Nashukuru kwa jibu la haraka. Mbunge mwenyewe yuko kaburini. Mimi naelekea huko, na nikimkuta nitampa fomu aijaze, lakini sina uhakika wa posta ya kurudi.

8. Kwa hiyo naleta hoja ya mwisho, nami naomba uifuate hatua kwa hatua, kwa kuwa nimeipima pande zote na sioni tundu. Ikiwa mchango wa arobaini na mmoja haukusemwa, sheria ndogo inayounukuu haina miguu. Ikiwa ile arobaini ya mwanzo nayo haikusemwa, basi mabomba yashushwe, viti virudi ukumbini na madiwani warudishe vigoda vyao majumbani. Sanamu lifungwe kinywa. Saruji kidogo itatosha. Lakini hatuwezi kuishia hapo, maana Mtaa wa Wastaafu wenyewe ulijengwa kwa azimio lililonukuu mchango wa kumi na mbili, ambao niliuandika siku nina mafua. Azimio likianguka, mtaa haupo. Mtaa usipokuwepo, Nyumba Namba 17 haipo. Mimi basi naishi katika nyumba isiyokuwepo na nitafia mahali pasipokuwepo. Halmashauri haiwezi kudai funguo za mlango usiokuwepo, na binti yangu hawezi kutolewa ndani ya nyumba ambayo hayumo. Naomba, baada ya kufuta, Idara imwandikie Afisa Nyumba kumjulisha kwamba nyumba aliyoipima haikuwepo siku aliyoipima, na kwamba binti yangu ataendelea kuishi humo.

Najua utasema kufuta ni jambo kubwa. Nakukumbusha Kanuni ya Tisa, ambayo niliitunga mimi na ikapitishwa na Spika: kanda na kitabu vikigombana, kanda hushinda. Kanda ya mchango wa arobaini na mmoja niliondoka nayo nilipostaafu. Huo nao ni wizi, uongezwe kwenye orodha. Naiambatisha ndani ya bahasha hii kama ushahidi. Isikilizeni kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya mwanasheria wa Bunge mkipenda. Hamtasikia kitu, na hicho kitu msichokisikia ndicho naomba kiandikwe.

Kama kuna adhabu, nipeni mimi, ila mfanye hima. Sina cha kujitetea. Nilipewa masikio ya taifa kwa miaka thelathini na mmoja, nikayatumia kama mdomo. Niliwaandikia wananchi mbunge ambaye hawakuwa naye, na ubaya wa jambo hili ni kwamba walimpenda. Ningeweza kufa na siri hii, wengi hufa na kubwa zaidi. Lakini siri hii imepanga na binti yangu, na siku saba baada yangu itamtoa nje na cherehani yake.

Nisalimie wote. Msalimie tarishi kama bado yu hai, mwambie aketi sasa. Msalimie msimamizi wa mitambo wa kiwandani, mwambie kwamba pale alipouliza pana nini, palikuwa na mke wangu. Mpe salamu za pekee fundi mitambo wa Idara, ambaye nilimwita mara sita kuifungua mashine yangu ya kanda, na mara sita akaikuta nzima. Mwambie nimemsamehe uzembe wake. Wasalimie vijana wote wa meza za nyuma. Binti yangu naye anakusalimu, anasema pole na kazi.

Ni mimi mzee wako, niliyekufundisha kuweka nukta,

Mwandishi Mkongwe (Mstaafu),
Nyumba Na. 17, kama ipo.

Tanbihi: Bahasha ilikuwa haijafungwa. Kitindamimba wangu alitaka kuhakikisha kanda haijaoza kabla ya kuituma, akaitia kwenye redio yake ya zamani anayoifungulia akishona. Nilimwambia asipoteze umeme, haina kitu. Ilianza, na nilisikia kiti kikilia. Nikasema, "Umeona?" Akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Fundi bomba, aliyekuwa bafuni kwetu akishughulikia lile bomba, akatoka na spana mkononi, akasimama mlangoni, naye akainamisha kichwa. Niliwatazama watu wazima wawili wakisikiliza kimya kwa dakika kumi, mmoja akifuta macho kwa kitambaa cha sare ya mtu.

Kisha binti yangu akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye sikio langu la kushoto, akaniambia alichokisema Mheshimiwa. Nakiandika hapa, na nadhani ni mara ya kwanza namwandika:

"Mheshimiwa Spika, mzee hatunzwi na kuta, hutunzwa na mtu. Mzee akitutoka, asije mtu wa halmashauri kumdai funguo yule aliyemfumba macho. Aliyeuguza ndani ya nyumba, abaki ndani ya nyumba. Na safari hii nawaomba ndugu zangu wa Taarifa Rasmi waniandike mimi. Nimekuwa nikisoma humo mambo mazuri sana, lakini si yangu. (Kicheko.) Nilikwenda hata kuwaambia, nikaambiwa nisijali."

Kwa hiyo nayaondoa malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la nane. Honi ya gari la taka bila shaka inapigwa. Fundi mitambo nimwombe radhi. Msifute kitu, zifungueni kanda zote zilizo ghalani, mmwandike mtu yule, na mwanzeni na ukurasa wa 212, kwa Kanuni ya Tisa. Shahidi mnaye. Ndugu Mhariri, wewe ulikaa meza ya pili na hukuwa unaumwa kichwa. Sauti ilikuwa inavuja kwenye hedifoni zangu, ulisikia kila neno, kisha ukaona nilichokiandika, ukatazama sakafu, kwa sababu mtoto mwenye adabu hamwambii mkubwa wake kwamba hasikii. Nilikufundisha nukta na namba, hilo sikukufundisha. Sasa nakuruhusu. Sema, uweke na sahihi yako, nami nitabadilisha kile kipengele cha tatu.

Nilimwambia binti yangu ayarudie maneno yale. Akarudia. Nikamwambia bado sijasikia, arudie tena. Hapo nilikuwa nimeshasikia.